Kura za Boksi la Chaki

Kura yangu ya kwanza niliipiga nikiwa darasa la sita. Mwalimu wa zamu aliingia na boksi tupu la chaki, akalitoboa tundu juu kwa ncha ya bikari, akatugawia vipande vya karatasi ya daftari na kutuambia kila mmoja aandike jina la amtakaye awe kiranja mkuu. Tuliandika huku tumefunika kwa viganja kama watu wa mtihani. Lakini watoto hawana siri. Kabla boksi halijafika ofisini tulikwishahesabiana kwa vidole nyuma ya vyoo, na tulijua ameshinda msichana mmoja mrefu, mkali, aliyekuwa akigawa uji bila kumpendelea hata mdogo wake. Kesho yake mstarini akatangazwa mtoto mwingine kabisa, ambaye hata yeye alishangaa. Hakuna aliyeuliza. Tulipiga makofi.

Makofi yale yamekuwa yakinirudia tangu nilipoanza kusoma habari za watu weusi wa Mississippi, na nilianza kuzisoma kwa sababu ya mji wa Same.

Kwa asiyepajua, Same ni mji wa barabarani, kati ya Mombo na Mwanga, chini ya milima ya Upare, wenye vumbi, mkonge na upepo. Basi likisimama pale abiria hukimbilia maji na mahindi ya kuchoma, kisha safari inaendelea. Nimepita mara nyingi mno. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba katika mji huo, kuanzia mwaka 1969, aliishi Mmarekani mweusi aliyekuwa akifundisha hisabati sekondari, naye ni mmoja wa watu waliotikisa jimbo gumu kuliko yote ya kusini mwa Marekani. Jina lake Bob Moses. Alikuja na mkewe Janet, naye pia mwanaharakati, wakakaa Tanzania hadi 1976. Siku nilipoujua ukweli huo niliona haya kidogo, kama mtu anayeambiwa na mgeni kwamba nyumbani kwake kuna kisima.

Lazima nieleze Mississippi ilikuwaje, maana sisi tukisikia udikteta tunamfikiria jenerali mwenye miwani myeusi na redio inayopiga muziki wa kijeshi alfajiri. Mississippi haikuwa na jenerali. Ilikuwa na bunge, mahakama, magazeti, na magavana waliomaliza muda wao wakaenda zao. Uchaguzi haukukosekana hata mara moja. Ila kwa mtu mweusi, na weusi walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wakazi, ule ulikuwa utawala wa mabavu kamili, wenye chama kimoja, wapelelezi wake na hofu yake.

Mashine yenyewe ilikuwa kwenye makaratasi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1890 iliandikwa makusudi ili mtu mweusi asipige kura bila neno "mweusi" kutajwa. Ukitaka kura, ulipe kwanza dola mbili kila mwaka. Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa, lakini angalau haikuwa tiketi ya kuingilia kwenye chumba cha kura. Halafu unakwenda mahakamani kwa karani. Karani anachagua kifungu kimoja kati ya vifungu 285 vya katiba, anakutaka ukinakili na kueleza maana yake mpaka yeye aridhike. Mwalimu mweusi mwenye shahada anafelishwa, mzungu asiyejua kusoma anapita. Karani ndiye mtahini, ndiye msahihishaji, ndiye bodi ya rufaa. Mwaka 1962 wakaongeza sheria kwamba majina ya wote walioomba kujiandikisha yachapishwe gazetini kwa wiki mbili. Ukiisoma haraka utasema ni uwazi. Lengo lilikuwa bosi wako, mwenye nyumba wako na benki yako wasome. Na kwa aliyebaki mkaidi palikuwa na tume ya serikali iliyoundwa 1956, kazi yake kupeleleza raia, kulipa watoa habari na kufungua majalada. Majalada hayo yalikuja kufunguliwa kwa umma mwaka 1998, na watu wakasoma humo majina ya majirani zao.

Sheria iliposhindwa kutisha, bunduki ilifuata. Septemba 1961 mkulima mweusi Herbert Lee, aliyekuwa akimsaidia Moses kuandikisha watu, alipigwa risasi mchana kweupe na mbunge wa jimbo. Mbunge hakushtakiwa. Shahidi aliyeona, Louis Allen, aliuawa Januari 1964. Kufikia mwaka huo waliokuwa kwenye daftari la wapiga kura hawakufika asilimia 7 ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura.

Sasa, katika hali hiyo, mtu anaiwaziaje kesho yenye haki? Mimi nilizoea kufikiri kwamba kuwazia ni kazi ya washairi na wahubiri: unafumba macho, unaiona nchi mpya. Watu wa Mississippi walifanya kitu kingine ambacho mwanzoni kilinichekesha. Waliendesha uchaguzi wa bandia.

Ilikuwa Novemba 1963, jimbo likiwa kwenye uchaguzi wake halali wa gavana. Vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi ambayo Moses aliiongoza Mississippi, pamoja na wenzao wa vyama vingine, wakatengeneza karatasi zao za kura na masanduku yao. Mgombea ugavana alikuwa Aaron Henry, mweusi mwenye duka la dawa mjini Clarksdale. Mgombea mwenza alikuwa Ed King, mchungaji mzungu, na watu wa rangi mbili kwenye karatasi moja, kwa Mississippi ya mwaka ule, lilikuwa kosa la jinai la mawazo. Masanduku yakawekwa makanisani, kwa vinyozi, madukani. Polisi waliwakamata vijana, wakawafukuza kwenye miji, wakawapiga faini za uongo. Walipomaliza kuhesabu, kura zilikuwa zaidi ya 80,000, nyingi kuliko idadi ya weusi wote waliokuwa kwenye daftari halisi la jimbo.

Hazikumweka mtu madarakani. Utasema, basi faida yake nini? Faida ya kwanza inajulikana: iliua ile hoja kwamba "hawa hawapendi siasa, hawajawa tayari". Hoja hiyo tunaijua, mkoloni alituambia vivyo hivyo. Ile ya pili ndiyo inayonishika. Mama wa miaka sitini, ambaye maisha yake yote kura ilikuwa kitu cha wazungu kama bwawa la kuogelea, alishika karatasi, akakunja, akatumbukiza. Mkono wake ukajua. Ukishaufundisha mkono jambo, ni vigumu kuusahaulisha. Sisi darasa la sita tulifundishwa kinyume chake: mikono yetu ilijua kuandika jina, kisha ikafundishwa kupiga makofi.

Kiangazi cha 1964 wakaendelea na mazoezi yale. Walifungua Shule za Uhuru zaidi ya 40, katika makanisa, vibarazani, chini ya miti. Walitegemea wanafunzi elfu moja, wakaja zaidi ya elfu mbili, wengine wazee. Walisoma hesabu na Kiingereza, lakini mtaala ulijengwa juu ya maswali, na matatu kati ya hayo ningependa yabandikwe ukutani katika kila shule niliyowahi kusoma. Walio wengi wana nini ambacho sisi tunakitaka? Wana nini ambacho hatukitaki? Na sisi tuna nini ambacho tunataka kubaki nacho? Swali la pili ndilo la hatari. Mtu aliyekandamizwa akiulizwa anataka nini, mara nyingi atajibu: anataka alichonacho anayemkandamiza. Pale mtoto wa mvuna pamba aliambiwa achague, akatae mengine. Kiangazi hicho hicho makanisa yapatayo 37 yalichomwa au kulipuliwa, na vijana watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa usiku wa Juni 21 na kufukiwa ndani ya ukuta wa bwawa. Watoto waliendelea kwenda darasani. Kanisa likiungua, darasa lilihamia uani.

Katika watu wote wa habari hii ninayempenda ni Fannie Lou Hamer, mtoto wa ishirini wa wazazi wake, aliyeanza kuchuma pamba akiwa na miaka sita. Agosti 31, 1962, alipanda basi bovu na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha. Alifelishwa. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini kwa sababu basi lilikuwa la njano mno. (Siongezi chumvi. Trafiki wa kwetu wana ubunifu, lakini hapo wamezidiwa.) Jioni ile mwenye shamba alimwambia Hamer afute maombi yake au ahame. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 18. Akahama usiku ule ule. Juni 1963 alikamatwa katika mji wa Winona akapigwa mahabusu hadi figo zikaharibika.

Mwaka uliofuata, kwa kuwa chama tawala cha jimbo, Democrats, kilikuwa cha wazungu watupu, watu weusi waliunda chama chao, wakachagua wajumbe kuanzia vijijini, wakaenda Atlantic City kwenye mkutano mkuu wa Democrats kudai kwamba wao ndio wajumbe halali wa Mississippi. Agosti 22 Hamer alikaa mbele ya kamati na kueleza kipigo cha Winona. Rais Lyndon Johnson aliitisha ghafla kikao na waandishi ili kamera ziondoke kwake, ila vituo vya televisheni vikaurusha ushahidi wake jioni, nchi nzima ikauona.

Wakubwa wakaja na suluhu: viti viwili. Tena majina ya watakaovikalia yalikuwa tayari, Aaron Henry na Ed King, yamechaguliwa na wakubwa wenyewe. Niliposoma hapo niliweka simu mezani. Boksi la chaki! Watu wamepiga kura kwa hatari ya roho zao, wamehesabu, wanajua waliyemchagua, na mtu kutoka ofisini anawatangazia viongozi wao. Hamer na wenzake walikataa. Viongozi wakubwa wa harakati, wasomi na wachungaji waliojua siasa kuliko yeye, walimsihi akubali. Akakataa.

Hapa mimi Mtanzania napata shida, na nisingependa kuificha. Nimekuzwa nikisifu Tabora. Januari 1958 TANU ilikutana pale kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimu mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ambao masikini asiye na kisomo hakuruhusiwa kupiga kura kabisa. Wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi wakaingia, wakashinda, na tukauita uamuzi ule Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu aliyekataa akajitoa akaanzisha chama chake, na katika vitabu vyetu vya shule anatajwa kwa mstari mmoja, kama kituko. Kwa mizani hiyo Hamer ni kituko pia. Mizani hiyo sasa naiona pungufu. Tabora, mchezo ulikuwa wa dhuluma lakini mgombea wetu tulimteua wenyewe na kura zetu zilihesabiwa. Atlantic City walitaka wakupe kiti na wakuchagulie wa kukikalia. Nadhani Nyerere wa 1958 naye angekataa. Nyerere wa miaka ya baadaye, sithubutu kumsemea.

Maana huko ndiko kunakouma zaidi. Septemba ile ile ya 1964 Hamer, Moses na wenzao walialikwa Guinea. Kwa mara ya kwanza Hamer aliona rubani mweusi, karani wa benki mweusi, na rais mweusi. Sékou Touré aliwafuata mwenyewe walikofikia kuwasalimu. Mwanamke huyo hajawahi kupata hata dakika moja ya heshima kutoka serikali ya nchi yake, na hapa rais anakuja kumbishia hodi. Kesho aliyokuwa akiiwazia ilikuwa na watu ndani yake, inatembea, ina sare. Lakini Guinea hiyo hiyo ilikuwa na kambi ya Boiro, ambamo watu walipotea. Diallo Telli, katibu mkuu wa kwanza wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikufa humo mwaka 1977 kwa njaa, kwa amri ya nchi yake huru.

Na sisi? Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila mashtaka tuliipitisha mwaka 1962, hata mwaka mmoja haujapita tangu uhuru. Wakati huo kule Atlanta vijana weusi walikuwa wakilitamka neno letu wenyewe. Desemba 1963 Oginga Odinga wa Kenya alipopita mjini humo, vijana wa SNCC walimfuata hotelini wakamwimbia, wakapiga kelele za "Uhuru!", kisha wakaingia kunywa kahawa kwenye mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakatiwa ndani. Baadaye wakamtungia wimbo. Miaka michache mbele Odinga mwenyewe alikuwa kizuizini Kenya, amewekwa na wenzake wa Uhuru. Neno lilivuka bahari likawafanya watoto wa watu kukubali jela, huku lilikotoka likibandikwa kwenye milango ya jela.

Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba Moses alipokimbilia kwetu alifika peponi. Aliondoka Marekani baada ya kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akiwa na miaka 31, amepita umri wa kuitwa. Akaenda Kanada, kisha huku. Alikuta nchi yenye Azimio la Arusha, yenye Elimu ya Kujitegemea, yenye kiu ya walimu, na pia yenye chama kimoja, na kabla hajaondoka Operesheni Vijiji ilikuwa imehamisha watu kwa malori, wengine nyumba zao zimechomwa. Akafundisha hesabu.

Najiuliza kama kuna aliyemsimulia mbiru. Mwaka 1945, kwenye mji huo huo wa Same, maelfu ya wanaume wa Upare walishuka milimani wakaja kukaa kwenye makao makuu ya wilaya kupinga kodi mpya iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa na watu wa chifu kwa vigezo ambavyo mlipaji hakuoneshwa. Hawakupiga mtu. Walikaa tu, kwa zamu, kwa miezi. Baadaye wanawake nao wakaingia. Bibi yangu alizoea kusimulia habari hiyo akichambua maharage, na kila mara alianzia kwenye chakula: nani alibeba ndizi, nani alibeba magadi, nani alirudi na vyungu. Wakati huo nilidhani anakwepa siasa. Hatimaye serikali iliiacha kodi ile. Bibi hakuwahi kutaja jina la kiongozi hata mmoja.

Moses aliporudi Marekani alianzisha, mwaka 1982, mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto masikini. Alisema mtoto asiyejua aljebra leo amefungiwa nje kama mvuna pamba asiye na kura jana. Aliwapandisha watoto kwenye treni ya chini ya ardhi, wakarudi darasani na kuigeuza safari kuwa mstari wa namba. Ningependa kuamini kwamba wazo hilo lilizaliwa kwenye mabasi yetu: ukipanda Same kwenda Mwanga ni chanya, kwenda Mombo ni hasi, na Same ni sifuri. Miaka ya tisini alirudi Mississippi akafundisha hesabu katika sekondari moja ya Jackson, jimbo lile lile. Alifariki Julai 2021.

Hamer naye alirudi kijijini, akanunua ekari 40 mwaka 1969, akaanzisha shamba la ushirika na benki ya nguruwe: familia inachukua jike, ikizaa inabaki na watoto na kupitisha wengine kwa jirani. Shamba lilikufa kwa ukata na mafuriko, na yeye mwenyewe akafa 1977, masikini.

Mwezi uliopita nilipanda kwetu milimani kumsalimia mama. Nikamkuta anajiandaa kwenda kwenye kikao cha VICOBA, nikamfuata kumbebea kiti. Mwenyekiti wao ni yule msichana wa uji. Ana mvi sasa, na ukali ule ule. Wamama walikuwa zaidi ya ishirini, kisanduku cha chuma katikati, kufuli tatu, na mwenye ufunguo wa tatu hajafika kwa sababu ng'ombe wake anazaa. Mwenyekiti alikuwa na msiba wa kuwahi ng'ambo ya bonde. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kufuli lenyewe bovu, likivutwa linafunguka. Mwenyekiti akamtazama, kisha akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye nyasi. Tukasubiri karibu saa nzima.

Mwenye ufunguo akaja na damu ya ndama kwenye kanga. Wakafungua, fedha zikamwagwa juu ya kitenge, na wote wakaanza kuhesabu kwa sauti, noti moja moja, vikongwe na wasichana, kama watoto wa darasa la kwanza. Walipomaliza mwenyekiti alizunguka akiuliza kila mmoja amepata ngapi. Akafika kwangu.

"Na wewe mgeni, umepata ngapi?"

Nilikuwa nimepotea kwenye elfu sabini. Nikamwambia. Wakazirudisha noti zote kwenye kitenge, wakaanza upya.